Aliyeshika Pedi ya Pili

Cheka kwanza. Ndiyo, cheka umalize, maana kila ninayemsimulia hucheka nikifika kwenye mashine ya gemu, na mimi sipendi kukatizwa katikati. Mimi ni mama mzima, nina wajukuu, naimba kwaya kanisani, na bado nacheza gemu. Hilo moja. La pili, haya nitakayokueleza niliyaona kwa macho haya, nikiwa nimetoka kazini, sijalala, sina homa, na pombe sijawahi kuionja. Yalitokea Buruburu, Nairobi, miaka ya tisini. Anayetaka kubisha na abishe, lakini asinifundishe nilichokiona.

Siku hizo nilikuwa karani katika kampuni moja ya mifuko huko Industrial Area. Nilikuwa nimepanga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya watu, vile vyumba vya kuongezea vilivyokuwa vimeanza kujaza kila ua pale mtaani. Sikuwa na mume, sikuwa na mtoto bado. Wenzangu wikendi walienda disko, mimi nilienda kucheza gemu kwa yeyote aliyekuwa na mashine.

Tena sikuwa mchezaji wa kupitisha muda. Nilikuwa na msimamo. Mpaka leo nitakuambia mashine za kaseti ndizo zilikuwa mashine, na zile za sidii zilizokuja baadaye ni urembo. Sidii ikikwaruzwa na ukucha wa mtoto, imekwisha. Mashine yenyewe ikipata joto inakwama, eti uigeuze kichwa chini miguu juu ndiyo isome. Kitu umekinunua kwa jasho lako halafu ukibembeleze? Kaseti iliangushwa, ikakanyagwa, ikamwagikiwa chai, ukaianika juani na jioni ikacheza. Lakini kaseti nazo zilikuwa na adui, na adui huyo ni mdomo wa binadamu. Kila mtu pande zetu za Eastlands aliamini kaseti ikikataa unaipuliza. Fuuu! Mate yanaingia kwenye yale meno ya shaba, yanaota ukungu wa kijani, kesho inakataa zaidi, nawe unapuliza zaidi. Nimegombana na watu juu ya jambo hilo kuliko juu ya siasa. Pangusa kwa pamba na spiriti, niliwaambia. Nani alisikia?

Haya. Mwaka huo kaka yangu Musyoka akahamia kwangu. Alikuwa dereva wa malori ya kwenda mpakani, mtu wa vicheko, mtu ambaye akiingia nyumbani Kitui hata mbuzi wanajua amefika. Alirudi amekonda, kikohozi hakimwachi, suruali imefungwa kwa kamba. Ugonjwa ule siku hizo haukutajwa kwa jina. Watu walisema tu “anaumwa,” halafu wakaangalia chini. Wazee wa ukoo wakaamua abaki Nairobi karibu na hospitali kubwa, nasi sote tulielewa maana yake.

Mimi nilimpokea. Nilimwogesha, nilimpikia uji, tulikunywa kikombe kimoja. Lakini kaka yangu alikuwa amegeukia ukuta. Hasemi, hataki kuketi, hataki dirisha lifunguliwe. Marafiki zake wa barabarani, wale waliokuwa wakimwita jina la utani kutoka ng’ambo ya barabara, hakuna hata mmoja aliyekanyaga mlango wangu. Nikienda kazini namwacha anaangalia ukuta, nikirudi namkuta anaangalia ukuta uleule. Umewahi kuishi na mtu aliyekwisha kuondoka ila mwili tu? Basi unanielewa.

Ndipo mwenzangu wa kazini akaniambia kuna mama mmoja mtaa wa Baba Dogo anauza mashine ya gemu iliyotumika. Jumamosi nikaenda. Mama mwenyewe alitoka upande wa Bungoma, alikuwa akiuza mandazi karibu na lango la kiwanda kimoja, na kila mtu alimwita Mama Wanjala. Alinipa mashine mlangoni, imefungwa ndani ya shuka, kama mtu anayekabidhi mtoto asiye wake.

“Ni ya kijana wangu,” alisema. “Haitumii tena.”

Nikadhani kijana amekua, ameoa, ameacha michezo. Nikashukuru, nikaondoka nayo.

Kufika nyumbani, nikagundua nimeuziwa mgonjwa wa pili. Adapta inavuma kama mzinga wa nyuki. Kitufe cha kuruka kwenye pedi ya kwanza, kile kidude cha kushika mkononi unapocheza, kinakwama, unakibonyeza kinakuja juu kikipenda. Na pedi ya pili ilikuwa imekufa kabisa, waya wake umeng’oka shingoni kama umevutwa kwa hasira. Nikaukata waya wote uliobaki, nikautia kwenye mkoba wangu wa kazini niupeleke kwa fundi siku nitakayopita mjini. Sikiliza hapo vizuri. Pedi ikabaki pale sakafuni, kipande cha plastiki kisicho na waya wowote, na waya ukawa kwenye mkoba wangu.

Gemu yenyewe ilikuwa tamu. Mafundi wawili wa ujenzi, mwekundu na wa bluu, wanakimbia juu ya mapaa wakiokota misumari huku kunguru wakiwafukuza. Ukiwa peke yako unacheza na mwekundu tu, na wa bluu anasimama pembeni kama sanamu. Unaenda vizuri mpaka unafika kwenye jumba moja refu lenye ngazi ya kuyumba. Hapo umekwisha. Lazima mmoja ashike ngazi ndipo mwenzake apande. Nilipiga makelele siku hiyo. Ni mtu gani huyo anayetengeneza gemu ya kumfungia nje mtu asiye na mwenzake?

“Kaka,” nilimwita Musyoka, “njoo uone huu upuuzi.”

“Niache,” alisema, akiuambia ukuta.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa msimu wa mvua ndefu. Nilishuka basi Jogoo Road jua limezama, na mtaa mzima ulikuwa giza, stima imepotea kama kawaida yake kukinyesha. Nikaruka madimbwi, nikakata kona ya ua wetu, nikaona dirisha langu linang’aa.

Haikuwa mshumaa. Mwanga wa mshumaa naujua. Huu ulikuwa wa bluu, unarukaruka. Na nilisikia ule wimbo wa mapaa, tii-tiri-tii, na kunguru wakilia.

Jirani yangu Mama Njeri alikuwa amesimama mlangoni pake ameshika taa ya mafuta.

“Nyinyi mmenunua jenereta lini?” aliniuliza, sauti ina wivu kidogo.

“Jenereta gani?”

“Sasa stima mnatoa wapi? Na kaka yako amepata mgeni nani? Anacheka tangu nianze kupika.”

Anacheka? Nilikuwa nimesahau kicheko cha Musyoka kinavyosikika. Nikasukuma mlango.

Kaka yangu alikuwa ameketi kwenye mkeka, blanketi mabegani, pedi ya kwanza mkononi, mdomo wazi kama mtoto kwenye sarakasi. Ubavuni pake ameketi kijana mwembamba, amevaa sweta nzito ya kijivu, kofia ya sufu imevutwa mpaka masikioni. Ameshika pedi ya pili.

“Niaje, siste,” kijana alisema bila kugeuka. “Funga mlango, baridi inaingia.”

Nikafunga. Usiniulize kwa nini. Sauti yake ilikuwa ya mtu wa nyumbani.

“Kaka, huyu ni nani?”

“Beste yangu,” Musyoka alisema. “Shika! Shika ngazi! Wewe hapana, namwambia yeye!”

“Siste,” yule kijana akasema, “nani alimfundisha huyu buda kupuliza kaseti?”

“Si mimi!” nilimjibu papo hapo. “Mimi huwakataza wote!”

“Mate yanaozesha yale meno.”

“Mwambie! Mwambie tena!”

“Inapanguswa na spiriti, na pamba. Na hii mashine msiilaze kwenye zulia, inapumulia chini. Wekeni vifuniko vya soda kwenye pembe zake, ipate hewa.”

Haki ya Mungu, nilifurahi. Miaka yote natafuta mtu mmoja wa kukubaliana nami, na huyu hapa ameketi sebuleni kwangu! Nilikuwa hata nimefungua mdomo kumuuliza kuhusu adapta inayovuma, macho yangu yakafuata waya wa adapta kutoka kwenye mashine, yakapita chini ya meza, yakafika ukutani. Plagi ilikuwa imelala sakafuni. Mimi mwenyewe ndiye niliyeichomoa asubuhi, kama ninavyofanya kila siku. Ya televisheni nayo ilikuwa kando yake.

Nikaitazama ile pedi mikononi mwa kijana. Haina waya. Vidole gumba vyake vinabonyeza, na kwenye kioo fundi wa bluu anakimbia, anainama, anaikamata ngazi kwa mikono miwili. Mkoba wangu ulikuwa bado begani. Niliingiza mkono, nikaushika ule waya, mzima, umezungushwa na mpira kama nilivyouacha.

Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. Hapo ndipo kijana alipogeuka.

Nitakuambia ukweli kuhusu uso wake, maana watu hutaka niseme hakuwa na macho, au alikuwa na kwato. Hapana. Ulikuwa uso wa mgonjwa. Midomo imepasuka, mashavu yameingia ndani, macho makubwa kuliko uso. Nilikuwa nauona uso kama huo kila asubuhi nikimpa kaka yangu uji.

“Usiogope, siste,” alisema. “Nimekuja kucheza tu. Hapa pa ngazi sijawahi kupita.”

“Kwa nini?” nilimuuliza.

“Panataka watu wawili.”

Wewe ungefanya nini? Ungekimbia, ndiyo, najua. Lakini kaka yangu alikuwa anacheka. Nikaketi kwenye ukingo wa kiti, mkoba mapajani, nikatazama. Musyoka akapandisha fundi mwekundu, yule wa bluu akiwa ameshikilia chini, kunguru wanamdonoa naye haachi. Wakafika juu. Paa jipya likafunguka, lenye anga ya rangi ya chungwa, na wote wawili wakapiga kelele pamoja.

“Asante, buda,” kijana alisema. Akaiweka pedi kwenye mkeka polepole, kama kitu cha kuvunjika. “Nimengoja sana.”

Mara stima ikarudi. Unajua watoto wa mtaa wanavyoshangilia stima ikirudi, eeeee, mtaa mzima. Taa ya juu ikawaka. Na televisheni yetu, ambayo ilikuwa ikiwaka gizani, ikazimika. Kwenye mkeka alikuwa Musyoka peke yake.

“Amepitia wapi?” kaka yangu aliuliza.

Mlango ulikuwa mbele yangu mimi. Haukufunguka. Niliinama nikaiokota ile pedi, na baridi yake ikanichoma kiganja kama barafu ya buchari. Nikaiachilia.

“Kaka, huyo mtu unamjua?”

“Alibisha tu. Akasema amesikia hapa kuna mtu analala kama alivyokuwa akilala yeye.” Akaiweka pedi yake chini. “Kuna ugali? Nina njaa.”

Alikula siku hiyo. Alikula mpaka akalamba mboga kwenye sahani, nami nikawa nalia jikoni bila kujua kama ni furaha au woga.

Alirudi tena, yule kijana. Kila stima ilipopotea jioni, alikuja. Mimi sikumzoea. Niliketi karibu na mlango nikiomba kimoyomoyo, maana wazo moja halikuniacha. Je, amekuja kucheza, au amekuja kumchukua kaka yangu? Bibi yetu alikuwa akituambia marehemu habishi hodi bure. Mwishowe nikaamua kuirudisha mashine ilikotoka. Nilikuwa naifunga kwenye shuka lake Musyoka alipoinuka akaja akasimama mlangoni, ameshikilia fremu kwa mikono miwili.

“Ukimfukuza huyo, nifukuze na mimi.”

“Kaka, huyo si mtu!”

“Watu wako wapi?” aliniuliza. “Nionyeshe wale watu. Walionijua wote wamenikimbia. Huyu hakunijua, na amekuja.”

Nikalifungua lile shuka, nikairudisha mashine mahali pake. Lakini Jumamosi nikaenda Baba Dogo mikono mitupu.

Mama Wanjala alikuwa kwenye karai lake, mafuta yanachemka. Nikasubiri wateja wapungue, kisha nikamwambia yote. Nilitegemea aniite mwendawazimu. Alinitazama tu, kijiti cha kugeuzia kimesimama hewani.

“Amevaa nini?”

“Sweta ya kijivu. Na kofia.”

“Mimi ndiye nilimvalisha,” alisema. “Nilisema kule chini kuna baridi.” Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo sana, “Amenona?”

Mpaka leo swali hilo linanitoa machozi. Nikamwambia, “Bado ni mwembamba, mama. Lakini anacheka.”

Akaketi kwenye jerikeni lake. Akanieleza kwamba kijana wake, Wanjala, alipokuwa mzima, vijana walijaa chumbani mwao mpaka hakuna pa kukanyaga. Alipougua wakaanza kupungua. Mmoja akasema yuko bize, mwingine mama yake amemkataza, kwamba ule ugonjwa unashika hata kwenye pedi. Wanjala akanunua pedi mpya, ya pili, akaiweka kando akisema hii sijaigusa kwa jasho langu, hii ni ya mgeni. Mgeni hakuja. Siku moja akaishika akaivuta mpaka waya ukang’oka.

“Na mimi aliniita,” Mama Wanjala alisema. “‘Mama, njoo ushike hii, ni dakika tu.’ Nikamwambia nina mandazi motoni. Kila mara nilikuwa na mandazi motoni.”

Nikamwambia, “Njoo Buruburu kesho.”

Alikuja baada ya kanisa, amevaa gauni lake la umoja wa akina mama, amebeba mandazi kwenye bakuli. Tukangoja stima ipotee. Unajua siku ukiihitaji ipotee haipotei. Jua lilikuwa linawaka, taa zinafanya kazi, mashine imechomekwa vizuri na imekalishwa juu ya vifuniko vya soda. Musyoka anacheza peke yake, fundi wa bluu amesimama pembeni kama sanamu. Pedi isiyo na waya imelala mkekani.

Mama alipochoka kungoja, akavua viatu, akaketi kwenye mkeka.

“Nifundisheni hiki kitu.”

Musyoka akampa pedi yake. Mama akabonyeza kila kitufe kwa pamoja, fundi mwekundu akajitupa kutoka kwenye paa la kwanza. Tena. Tena. Kunguru wakamla. Kaka yangu alicheka mpaka akakohoa, na mama naye akacheka, akajipangusa macho kwa kanga. “Kumbe ndicho hiki nilichokuwa nikimgombeza,” alisema.

Musyoka akamsaidia kupita mapaa ya mwanzo, vidole vyake juu ya vidole vya mama. Wakafika kwenye jumba lile refu. Ngazi ikayumba. Mama akajaribu kupanda, akaanguka.

“Hapo peke yako huwezi, mama,” Musyoka alimwambia.

Ilikuwa mchana kweupe. Nakuomba ukumbuke hilo. Kwenye ile pedi iliyolala mkekani, mbali na mkono wa mtu yeyote, kitufe kimoja kiliingia ndani. Kikatoka. Kikaingia tena. Na kwenye kioo yule fundi wa bluu akageuza kichwa, akatembea, akainama, akaishika ngazi.

Mama Wanjala hakupiga kelele. Aliangalia kile kitufe, akaangalia kioo.

“Nimekuja, baba,” alisema. “Shika vizuri, nisianguke.”

Akapanda. Polepole, akisimama kila hatua, na ngazi haikuyumba hata kidogo. Alipofika juu, fundi wa bluu alibaki chini ameinua uso, na kitufe cha ile pedi kikatulia.

Yule kijana hakurudi tena baada ya hapo. Stima ilipotea mara nyingi, nasi tukaketi gizani kama watu wengine. Musyoka alimkosa, alikuwa akiuangalia mlango. Lakini hakuugeukia tena ukuta. Mama Wanjala alikuja kila Jumapili wakacheza, yeye na kaka yangu, wakigombana kama pacha. Mama Njeri naye akaanza kupita kuona kelele ni za nini, kisha akawa anaketi. Kaka yangu aliishi mpaka mvua ndefu zilipokuja tena. Alipokwenda, chumba kilikuwa kimejaa watu, na mmoja alikuwa amemshika mkono. Mashine nilimpa mama yule, akaicheza mpaka macho yake yalipokataa.

Mimi nilibaki na hiki kiganja cha kulia. Kiguse. Baridi, sivyo? Tangu jioni ile nilipoiokota ile pedi, hakijapata joto. Naepua sufuria motoni bila kitambaa, wajukuu wananishangaa. Madaktari wamekipiga picha, hawaoni kitu.

Kwa hiyo nakuonya, na hapa sichezi. Ukinunua mashine ya mtu, uliza jina la mwenyewe, ili akija kubisha ujue umkaribishe kwa jina gani. Na kama nyumbani kwako kuna mgonjwa anayekuita uketi naye kwa jambo unaloliona la kipuuzi, nenda uketi sasa, akiwa bado anapumua. Maana asiyeketiwa akiwa hai hutoka kutafuta wa kuketi naye, na si kila nyumba atakayobisha itamfungulia.